Mshipi, Ufito na Gurudumu: Historia ya Zana za Uvuvi wa Mwambani

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ina haki yake shambani, ambako mvivu hujificha nyuma ya lawama za mpini na makali. Baharini, hata hivyo, hukumu yake hugeuka. Mvuvi asiyechagua hurejea pwani na kikapu kitupu, na pengine harejei kabisa. Ndoana iliyo kubwa kuliko kinywa cha samaki haivui. Mshipi mwembamba hukatwa na tumbawe. Chubwi jepesi huchukuliwa na mkondo. Kwa hiyo kuchagua zana ni nusu ya kazi ya uvuvi, na elimu ya kuchagua ni sehemu ya utamaduni wa watu wa pwani kama zilivyo ngoma zao, ushairi wao na milango yao ya nakshi.

Makala hii inakusudia kueleza historia ya zana tatu: mshipi, ufito wa kuvulia, na gurudumu la kukunjia mshipi, ambalo wengi siku hizi huliita rili. Mshipi ni wetu tangu kale. Ufito na gurudumu, kwa umbo tulijualo leo, vilitujia kutoka nje. Swali linalotukabili ni hili: kijana anayesimama juu ya mwamba akiwa na ufito wa dukani mkononi anahitaji nini kutoka kwa mzee aliyevua miaka arubaini kwa mshipi wa mkono? Yatakayosemwa hapa yataonyesha kwamba anahitaji karibu kila kitu.

Mwamba na watu wake

Yafaa tuanze na mahali penyewe. Sehemu kubwa ya pwani ya Afrika Mashariki imepakana na miamba ya matumbawe. Kati ya ufuko na mwamba wa nje aghalabu huwa pana maji haba yenye mchanga na majani ya bahari. Ng'ambo ya mwamba bahari huanza kuzama kuelekea kilindini. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa hufikia karibu mita 4. Katika siku za maji mafu tofauti hiyo hupungua sana na mikondo hupoa. Juu ya hayo zipo pepo mbili zinazogawa mwaka: kaskazi, inayovuma takriban tangu Novemba hadi Machi, na kusi, inayoshika zamu baada ya mvua za masika kuanza na kuichafua bahari ya nje kwa miezi kadhaa.

Samaki nao wana makao yao. Tasi hula katika majani ya bahari. Pono hutafuna juu ya matumbawe. Changu huzunguka penye mchanga na mawe. Chewa hukaa pangoni akingoja riziki imjie. Kolekole huja na maji yanayojaa, akiwinda ukingoni mwa mwamba mahali mawimbi yanapovunjika. Nguru na jodari hupita nje, wakifuata makundi ya samaki wadogo. Mtu akivua bila kuyajua makao hayo ni kama mgeni anayebisha hodi nyumba zote za mtaa kwa kuwa hajui jina la mwenyeji wake.

Watu wa pwani wameijua ramani hiyo tangu zamani sana. Kitabu cha mabaharia wa Kiyunani kiitwacho Periplus, kilichoandikwa katika karne ya kwanza baada ya Kristo, kinakitaja kisiwa cha Menouthias katika pwani hii, na kueleza mitumbwi, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, na watu waliovua kwa vikapu vilivyosukwa, wakivitega penye milango ya maji yanayopwa. Msomaji anayelijua dema la leo hatashindwa kuitambua nasaba yake.

Mchanga nao umetunza habari. Katika magofu ya Shanga, kisiwani Pate, ambako Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980, tabaka za chini, za karne ya 8 na baada yake, zilitoa mifupa ya samaki wa maji ya karibu na wa mwambani. Katika tabaka za juu wanaonekana zaidi samaki wa maji ya nje. Hii ina maana kwamba mababu walianza na mwamba, wakausoma, kisha wakatoka nje kidogo kidogo kadiri vyombo vyao na zana zao zilivyoimarika. Mwamba ulikuwa shule yao ya kwanza.

Mshipi wa mkono

Uvuvi wa mwambani una zana nyingi. Kuna dema, uzio, jarife, na mkonjo wa kuchokolea pweza. Tena wanawake wamevua dagaa kwa kutanda nguo katika maji haba. Lakini katika zana zote hizo hakuna iliyo nyepesi kuitazama na ngumu kuijua kama mshipi. Mwenye kuutazama huona uzi, ndoana, chubwi na chambo tu. Mwenye kuujua huona maamuzi manne.

Uamuzi wa kwanza ni uzi wenyewe. Kabla ya nailoni mishipi ilisokotwa kwa pamba na nyuzi nyinginezo za mimea. Uzi wa mimea huoza kwa maji ya chumvi, na kwa hiyo wavuvi walitumia maji ya magome ya mikoko kuzitia rangi na kuzikaza nyuzi zao. Mshipi ulipimwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, ili kila mvuvi awe na kipimo kisichoachwa nyumbani. Aliyevua mahali fulani jana kwa pima kumi na mbili alijua leo amekosea mahali ikiwa chubwi limegusa chini kwa pima tisa.

Uamuzi wa pili ni ndoana. Ndoana ni miongoni mwa zana za kale mno za binadamu. Katika pango la Sakitari, kisiwani Okinawa, zimepatikana ndoana za kombe zenye umri wa miaka ipatayo 23,000. Kwetu wahunzi waliikunja kwa chuma, hata biashara ilipoleta ndoana za viwandani, kama zile za kampuni ya Mustad ya Norway iliyoanza kuzitengeneza mwaka 1877. Ndoana za dukani zina hesabu inayowakanganya wanafunzi. Tangu namba 1, kadiri namba inavyozidi ndivyo ndoana inavyopungua, hivyo namba 10 ni ndogo kuliko namba 4. Lakini zile zinazoandikwa kwa mkwaju na sifuri hukua pamoja na namba, hivyo 6/0 ni kubwa kuliko 2/0. Mzee asiyejua kusoma aliukata mjadala huo kwa kuiweka ndoana juu ya kidole na kukumbuka kinywa cha samaki amtakaye.

Uamuzi wa tatu ni chubwi. Chubwi la risasi likiwa zito mno, mvuvi haisikii midomo ya changu anapoonja. Likiwa jepesi mno, mkondo wa bamvua huliinua na chambo kikaelea mahali pasipo na samaki. Ndiyo maana mvuvi mzoefu alikuwa na machubwi kadhaa, akayabadili kwa kufuata mwezi.

Uamuzi wa nne ni chambo. Pweza na ngisi hukaa vizuri katika ndoana na hawatolewi upesi na samaki wadogo. Kipande cha kibua hutoa damu na mafuta yanayomwita chewa. Kaa humfaa mwenye meno ya kuvunjia. Tena mvuvi akitaka nguru, huacha kutuliza mshipi chini, akarambaza, yaani akaukokota nyuma ya chombo kinachokwenda, ili chambo kionekane kama samaki anayekimbia.

Maamuzi hayo yakiisha kufanywa, mwili wa mvuvi ndio unaokuwa mtambo. Mkono wake ulionyooshwa juu ya ubao wa ngalawa ndio ufito. Kidole cha shahada kinachobeba mshipi ndicho kinachopokea habari kutoka chini. Kijiti anachokunjia uzi ndicho gurudumu. Na kiganja chake, kinachoruhusu mshipi uteleze samaki anapovuta na kuukaza anapochoka, ndicho breki. Makovu tunayoyaona katika viganja vya wazee wa uvuvi ni alama za breki hiyo. Tukilishika jambo hili vema, historia ya ufito na gurudumu itakuwa nyepesi kuifahamu, kwa sababu mabingwa wa nchi za mbali walikuwa wakijaribu kuunda kwa mti na chuma kazi zilezile zinazofanywa na mkono, kidole na kiganja.

Safari ya ufito na gurudumu

Ufito ulianza mapema. Wamisri wa kale walichora watu wakivua kwa ufito miaka ipatayo 4,000 iliyopita. Ufito wa aina hiyo hauna gurudumu. Mshipi hufungwa kwenye ncha, na urefu wake hauzidi sana urefu wa ufito. Ndiye ndugu wa mwanzi unaotumiwa na watoto kuvua samaki wadogo penye gati na katika vijito vya mikoko. Unatosha kwa samaki mdogo. Akija mkubwa, hakuna uzi wa kumpa akimbilie, na kitakachovunjika ni ufito, mshipi au moyo wa mvuvi.

Gurudumu lilizaliwa ili kuiondoa dhiki hiyo. Picha ya kale ijulikanayo inayoonyesha gurudumu la kuvulia ni ya mchoraji wa Kichina Ma Yuan, aliyoichora karibu na mwaka 1195: mvuvi yu peke yake chomboni, na ufito wake una kigurudumu. Katika Uingereza chombo hicho kilitajwa kwa maandishi na Thomas Barker mwaka 1651. Karibu na mwaka 1820, huko Kentucky katika Marekani, fundi wa saa George Snyder aliunda gurudumu lenye meno ya chuma, ambalo kwa mzunguko mmoja wa mkono huzungusha uzi mara kadhaa. Fundi wa saa alikuwa mtu wa kufaa, kwani tatizo lilikuwa la meno na mwendo, mambo aliyoyazoea kila siku.

Mwaka 1905 Alfred Illingworth, mwenye viwanda vya sufu huko Bradford, Uingereza, alipata hataza ya gurudumu la namna nyingine. Katika magurudumu ya kale, mvuvi akirusha chambo, pipa la uzi huzunguka kwa kasi; likizidi kasi ya chambo, uzi hujisonga ukawa kiota cha ndege. Katika gurudumu la Illingworth pipa halizunguki wakati wa kurusha. Uzi huchomoka pembeni mwake kama uzi unavyochomoka katika kibiringo cha kiwandani. Kwa njia hiyo hata mwanafunzi huweza kurusha chambo chepesi mbali bila kuusonga uzi. Kwa upande wa samaki wakubwa, Wamarekani waliokuwa wakivua jodari karibu na kisiwa cha Catalina, California, walihitaji breki iliyo imara kuliko kidole gumba kilichobanwa kwenye ngozi, na katika miaka ya 1910 ikatumika breki ya ndani inayokazwa kwa kitasa chenye umbo la nyota. Kiganja kikawa kimepumzishwa.

Ufito nao ulibadilika. Mbao nzito ziliachia nafasi mianzi iliyopasuliwa na kugandishwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili zikaja fito za nyuzi za kioo, na katika miaka ya 1970 zikafuata fito za kaboni, nyepesi na kakamavu. Lakini uvumbuzi uliotugusa sote, tajiri na maskini, ni nailoni, iliyogunduliwa na Wallace Carothers na wenzake katika kampuni ya DuPont mwaka 1935. Nailoni haiozi, hainywi maji sana, na majini haionekani kwa wepesi. Ilipoenea katika maduka ya pwani baada ya vita, mishipi ya pamba ilitoweka, na magome ya mikoko yakapumzika.

Fito na magurudumu yenyewe yalifika pwani yetu zamani za ukoloni pamoja na wageni waliovua kwa mchezo. Malindi, Watamu na Shimoni katika Kenya, na Mkondo wa Pemba wenye kilindi kirefu, vikapata sifa miongoni mwa watafutao nduwaro na jodari. Mwandishi Ernest Hemingway alikuwa mmoja wa waliovua katika pwani ya Kenya mwanzoni mwa mwaka 1934. Katika habari za uvuvi huo jina linalotajwa aghalabu ni la mwenye ufito. Nahodha mwenyeji aliyejua mkondo, saa ya maji na mahali pa samaki huachwa bila jina. Haki inatutaka tukumbuke kwamba ufito ulikuwa wa mgeni, lakini elimu ilikuwa ya mwenyeji.

Mshipi uliomvua gombessa

Ikiwa yupo anayedhani kwamba mshipi wa mkono ni zana duni, na ausikilize mkasa wa Visiwa vya Ngazija. Mwezi Desemba mwaka 1938, karibu na East London katika Afrika Kusini, jarife la meli lilimtoa samaki wa ajabu, ambaye Marjorie Courtenay-Latimer wa jumba la makumbusho la mji huo aliona hafanani na yeyote. Profesa J.L.B. Smith alimtambua kuwa ni silikanti, wa ukoo uliodhaniwa umetoweka duniani zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Smith alimtafuta samaki wa pili kwa miaka kumi na minne. Alisambaza matangazo yenye picha katika pwani za Afrika Mashariki, akiahidi zawadi ya pauni 100.

Mwezi Desemba mwaka 1952, nje ya Domoni katika kisiwa cha Nzwani, mvuvi Ahamadi Abdallah alimvua samaki huyo kwa mshipi wa mkono. Alipoletwa sokoni, mwalimu wa shule aliyekuwa ameliona tangazo alimtambua, na samaki akanusurika kukatwa vipande. Smith aliletwa kwa ndege ya serikali ya Afrika Kusini kumchukua. Dunia nzima ilistaajabu. Wangazija walistaajabu kidogo, kwani wao walikuwa wakimjua kwa jina la gombessa, na walikuwa wakimvua mara mojamoja walipokuwa wakitafuta samaki wengine wa kilindini wakati wa usiku. Mambo mawili yanatupasa kuyatia maanani hapa. La kwanza ni kwamba mvuvi aliyeweza kuushusha mshipi mamia ya mita, akasikia kwa kidole samaki anapouma, alikuwa bingwa wa kazi yake. La pili ni kwamba bila mwalimu aliyezoea kusoma na kutazama, ubingwa huo ungeishia jikoni. Mvuvi na mwalimu walikamilishana.

Mkasa huo una sura ya pili katika Tanzania. Tangu mwaka 2003 silikanti walianza kunaswa katika pwani yetu, na hasa karibu na Tanga, ambako waliopatikana walifikia makumi. Safari hii zana ilikuwa jarife lililotegwa kilindini, ambalo halichagui. Mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, Tanga. Samaki ni yuleyule. Zana imebadilika, na pamoja nayo idadi ya waliokufa.

Namna ya kuchagua

Sasa na turudi kwa kijana wetu aliye juu ya mwamba. Achague vipi?

Kwanza aangalie mahali anaposimama. Anayevua akiwa chomboni anahitaji ufito mfupi, wa mita 1.5 hadi 2, kwa sababu kazi yake ni kuinua uzito moja kwa moja kutoka chini. Anayesimama mwambani au ufukoni anahitaji ufito mrefu, wa mita 3 hadi 4.5, kwa sababu mbili: urushe chambo kupita mahali wimbi linapovunjika, na uuinue mshipi juu ya ukingo wa mwamba usije ukasagwa. Ufito mrefu chomboni ni kero. Mfupi mwambani ni hasara.

Pili, amjue samaki. Nguru na mzia wana meno ya kukata, hivyo karibu na ndoana huhitajika kipande cha waya. Chewa akishaumwa na ndoana hurudi pangoni, na akifika humo hatoki. Kwake breki yataka ikazwe tangu mwanzo na mshipi uwe mnene. Kolekole mkubwa, ambaye huweza kuzidi kilo 50, hukimbia kuelekea kwenye matumbawe kama mtu ajuaye njia ya kwao. Gurudumu lake lataka kubeba mita 250 au zaidi za mshipi, na lisiwe la meno laini. Tasi na changu hawahitaji hayo yote. Kumvua changu kwa zana za kolekole ni sawa na kuchinja kuku kwa shoka.

Tatu, vipimo vipatane. Ufito, gurudumu na mshipi ni jamaa wa nyumba moja. Mmoja akiwa na nguvu kupita kiasi humvunja mwenzake. Kanuni iliyozoeleka ni kuikaza breki ipate kuachia uzi katika robo au theluthi moja ya nguvu za mshipi. Mshipi wa kilo 24, basi, breki yake iachie baina ya kilo 6 na 8. Mwalimu wa fizikia anaweza kuipima kanuni hii darasani kwa mizani ya kuning'iniza, na wanafunzi wake wataelewa nguvu, msuguano na wenzo kwa siku moja kuliko kwa wiki ya ubao.

Nne, aikumbuke chumvi. Hewa ya pwani yetu ni ya joto na unyevu, na chumvi hula chuma mchana na usiku. Gurudumu lililotengenezwa kwa maziwa na mito ya nchi za baridi halidumu hapa. Achague lililofungwa vema maji yasiingie, lenye sehemu zisizoshika kutu, na kila arudipo alioshe kwa maji baridi yasiyo chumvi, alikaushe, alitie mafuta. Gurudumu la bei nafuu linalotunzwa huishi kuliko la fahari linalotupwa nyuma ya mlango.

Tano, asidanganywe na upya. Tangu miaka ya 1990 imeenea mishipi ya kusukwa, myembamba kuliko nailoni ya nguvu ileile, na isiyonyumbuka. Ni mizuri, kwani huleta mkononi habari za chini upesi. Lakini ikisuguana na tumbawe hukatika kwa wepesi, hivyo mwishoni yafaa kuunganishwa pima moja au mbili za nailoni nene. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Msomaji ataona kwamba kanuni zote tano mzee wa mshipi alikuwa nazo. Alijua mahali, samaki, vipimo, chumvi na udanganyifu wa vitu vipya. Duka linauza ufito. Halimuuzii mtu saa ya maji kugeuka.

Zana na hatima ya mwamba

Kuchagua zana ni pia kuchagua kitakachobaki. Mshipi humvua samaki mmoja mmoja, na aliye mchanga aweza kurudishwa angali hai. Juya la kukokotwa huzoa wakubwa kwa wachanga na kung'oa majani ya bahari. Baruti, iliyoanza kutumiwa katika pwani ya Tanzania katika miaka ya 1960, huua hata asiyehitajika, na kuyabomoa matumbawe yaliyojengwa kwa miaka mingi. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970 iliikataza, lakini uovu huo uliendelea kwa miongo mingi baadaye, na umekuwa ukirejea kila ulinzi ulipolegea. Mwaka 1998 joto la bahari liliua matumbawe mengi katika Bahari ya Hindi ya magharibi, na mahali palipokuwa pamebomolewa kwa baruti mwamba haukupata pa kuanzia kupona.

Hatua njema zimechukuliwa. Kenya ilianzisha hifadhi za Malindi na Watamu mwaka 1968. Zanzibar ikaihifadhi miamba ya Chumbe mwaka 1994. Na Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ikatangazwa mwaka 1995. Hata hivyo walinzi pekee hawatoshi. Mshipi nao waweza kudhulumu ukitumiwa bila akili. Ndoana ndogo mno humaliza wachanga. Kuwavua chewa wanapokusanyika kutaga ni kula mbegu. Na nailoni iliyokatikia mwambani hudumu miaka, ikinasa viumbe bila faida ya mtu. Uzi wa pamba ulioza na dhambi yake. Wa nailoni hauozi.

Hapa ndipo elimu ya wazee inapokuwa kinga. Mtu anayejua jina la kila jiwe la mwamba, na samaki wa kila jiwe, ni mzito wa kulipua mawe hayo. Asiyejua majina huona maji tu.

Hitimisho

Tumeona kwamba ufito na gurudumu havikuja kuiondoa elimu ya mshipi. Vilikuja kuirefusha mikono yake. Basi tusione haya kuvitumia, wala tusidhani kwamba kuvinunua ni kuvijua. Hatari iliyopo ni kwamba wazee wenye elimu hiyo wanapungua, na sehemu kubwa ya elimu yao haijaandikwa. Majina ya aina za mafundo, ya machubwi, ya mikondo na ya mawe ya chini yanazikwa na wenyewe.

Nawashauri walimu wa shule za pwani waifanye kazi hii pamoja na wanafunzi wao. Kila darasa lichague kijiji kimoja, liwaendee wavuvi kwa adabu, liandike majina ya zana na matumizi yake, lipime mishipi kwa pima na kwa mita, lichore ndoana kwa ukubwa wake halisi, na kutunza daftari hilo katika maktaba ya shule. Kazi hiyo haitaki fedha. Inataka kalamu, masikio na subira. Mwalimu wa Domoni hakuwa na chombo chochote zaidi ya macho yaliyozoea kusoma, na macho hayo yalitosha.

Nafunga kwa ubeti mmoja:

Mshipi siyo uzi tu, ni elimu ya bahari,
Una mwamba una mtu, na kina na yake siri,
Ihifadhi mali yetu, na jipya ulifikiri,
Chagua chombo kwa utu, wajao wawe na heri.